Kuzamia Matumbawe ya Dar: Uliza Kwanza Mwezi



Tuko mwezi wa saba. Barabara ya Kilwa imefurika magari ya watu wanaokwenda Sabasaba, na jioni ukisimama Coco Beach unaona jinsi upepo wa kusi unavyoipiga bahari hadi inatoa povu. Majuma haya ndiyo wengi wetu hupanga matembezi ya mwaka. Na swali ambalo vijana wa Temeke na vikundi vya kina mama wa Kinondoni wanauliza siku hizi ni hili: twende lini tukazamie? Wanasema kuzamia kwa mtungi wa hewa, na mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, siku moja tu, kuondoka asubuhi na kurudi jioni, kwenda kuyatazama matumbawe yaliyo mbele ya jiji letu.

Nimefurahi kulisikia swali hilo. Kazi hiyo tuliwaachia wageni kwa muda mrefu mno. Mtu amezaliwa Msasani, amekulia Msasani, ameoa Msasani, na anachokijua cha bahari ni ufuo, mihogo ya kukaanga na samaki aliyekwisha kufa juu ya meza ya mnada pale Feri. Ilhali visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na fungu la Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Nusu karne sasa bustani hiyo inalindwa kwa jina letu, na wengi wetu hatujawahi kuingia.

Basi tuingie. Lakini kabla ya bei na kabla ya boti, tuzungumze tarehe, maana hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Sisi watu wa mjini tunapanga kwa sikukuu: ofisi imefungwa, watoto hawaendi shule, haya, twendeni baharini. Bahari haina habari na sikukuu zetu. Inafuata mwezi na upepo.

Chukua Pasaka. Kalenda ya Kanisa inaiweka Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo mara nyingi Ijumaa Kuu imo ndani ya siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, au haiko mbali nazo. Tena ni mwisho wa Machi au Aprili, masika yameshika. Mto Msimbazi unamwaga pale Daraja la Selander uchafu wote uliotupwa kuanzia milima ya Pugu hadi Jangwani, na upande wa kaskazini mito ya Tegeta na Mpiji inashusha tope lake. Ukizamia siku hiyo utaona mkono wako na maji ya rangi ya chai ya maziwa, basi.

Idd el-Fitr nayo huja mwezi umeandama, na mwezi mchanga maana yake ni bamvua, mwaka hadi mwaka, haikosei. Idd el-Hajj ina bahati kidogo, kwa kuwa husaliwa tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, siku ambayo maji yamo katika kufa. Lakini miaka hii inaangukia Mei na Juni, mvua bado ipo na upepo wa kusi ndio umeanza. Sabasaba na Nanenane ziko katikati kabisa ya upepo huo. Tusisahau kwamba ni mwezi huu wa saba, tarehe 18 mwaka 2012, ndipo MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka hapa Dar kwenda Unguja, watu wengi wakafa. Ile ilikuwa meli ya abiria. Boti ya faiba ya watu kumi haina ubavu wa kushindana na bahari ya Julai.

Kwa asiyelijua jambo hili vizuri, nieleze. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mengi kiasi hicho yakiingia na kutoka kila baada ya saa sita lazima yakimbie, na yakipita kati ya rasi ya Msasani na Bongoyo yanabeba mchanga, na yanambeba mtu pia. Siku za maji mafu, juma moja baadaye, tofauti inashuka kufikia karibu mita 1. Mkondo unalegea, mchanga unatulia, na mtu anaweza kuona mbali. Tena kuna faida ya pili. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, saa ile ile boti za matembezi zinapotaka kuondoka. Boti inakwama mchangani na watu wanavuka kwa miguu juu ya mwamba, wakivunja kile walichokwenda kukitazama. Siku za maji mafu saa nne asubuhi maji yamejaa, na yaliyojaa ni maji ya bahari kuu, masafi, yamesukuma nje yale ya mtoni.

Nenda Kunduchi Mtongani, umwamkie mzee yeyote wa ngalawa, umuulize siku njema ya kwenda mwambani. Hatafungua simu. Atakuuliza, "Leo mwezi ngapi, mwanangu?" naye anauliza tarehe ya Kiislamu. Kuanzia 8 hadi 11, na tena kuanzia 22 hadi 25, hapo atakwambia nenda. Asiye na mzee wa kumuuliza, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari hutoa kila mwaka jedwali la kupwa na kujaa kwa maji. Hesabu ya mzee na hesabu ya jedwali zinakutana.

Sasa uweke upepo juu ya mwezi. Kusi ikiisha na kaskazi haijakaza, yaani kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba, kuna siku za upepo mchache sana. Desemba na Januari asubuhi bado ni nzuri, lakini mchana kaskazi inaamka na bahari inachafuka, kwa hiyo mzamo wa mwisho uwe umekwisha kabla ya adhuhuri. Februari mpaka masika yanapobisha hodi, maji yana joto linalokaribia nyuzi 29 na mara nyingi yametulia. Vuli ikinyesha kwa nguvu, subirini siku mbili tatu tope litue. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, safari imeahirishwa, hata kama pilau limekwisha kupikwa. Kubalianeni na mwenye boti jambo hili mapema, kabla ya kulipa: angalizo likitoka, fedha zinahamia tarehe nyingine. Asiyekubali sharti hilo mwacheni.

Kwenda wapi? Mkaazi wa Kinondoni ana bahati: boti za Bongoyo zinaondoka Slipway, Msasani, na za Mbudya zinaondoka Kunduchi. Mkaazi wa Mbagala, Tandika au Yombo asivuke jiji zima alfajiri na foleni yake bila sababu. Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Temeke, ina visiwa vyake vya Sinda na Makatumbe mbele yake, navyo viliingizwa katika maeneo tengefu mwaka 2007. Anayezamia mara ya kwanza anatosheka kabisa na kina cha mita 6 hadi 10 upande wa kisiwa uliokingwa na upepo; samaki wengi na mwanga mwingi viko huko. Ukuta wa nje wa Fungu Yasini, unaoteremka kwenda kwenye giza, ni wa wenye cheti na uzoefu. Na Fungu Mbaraka, ile iliyoandikwa Latham kwenye ramani, iko mbali mno baharini. Mtu akikuahidi kukupeleka huko katika siku yako ya kwanza, hajali maisha yako.

Nikiwa bado nazungumzia mwamba, sitaki kuwaficha mtakachokikuta. Mtaona pia makovu. Kwa miongo mingi pwani hii ililipuliwa kwa baruti. Machi na Aprili mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania wakiburuta vinasa sauti chini ya maji. Walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Hapa hapa kwetu. Serikali ilipokaza mkono kati ya mwaka 2016 na 2018, milipuko ilipungua sana, na wavuvi wenyewe wa mitego na mishipi walishukuru, kwani wao ndio waliokuwa wanakosa samaki. Lakini tumbawe lile la mviringo, kubwa, linalofanana na jiwe, hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Lililovunjwa mtu akiwa darasa la kwanza halitakuwa limerudi akiwa na wajukuu. Ongeza joto la El Niño la mwaka 1998, lililoyafanya matumbawe ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kuyaua mengi. Kwa hiyo mahali pengine mtapita juu ya uwanja wa vipande vya kijivu, kisha hatua chache mbele matumbawe hai yanaanza, ya zambarau, ya kahawia, ya manjano, na samaki wamejaa. Nataka watu wa Dar wayaone yote mawili kwa macho yao. Mtu aliyekwisha kuliona shimo la baruti hanunui tena samaki bila kumuuliza muuzaji ametoka wapi.

Sasa mwili wako. Hapa nitakuwa mkali, mnisamehe. Jiji letu liko baharini na watu wake wengi hawajui kuogelea. Mtungi hauchukui nafasi ya kuogelea. Vyuo vya kuzamia vikitoa cheti cha kwanza vinataka mtu aogelee mita 200 bila haraka na aelee dakika 10 bila kushika kitu. Siku ya majaribio na mwalimu masharti hayo yanalegezwa, lakini mimi nakushauri uyatimize. Ndiyo maana nimefurahi swali limekuja Julai. Miezi hii mitatu minne ambayo bahari imefungwa na upepo, bwawa liko wazi. Jifunze huko, pamoja na mwalimu, mpaka maji ya puani yasikushtue. Kina mama wanaojisitiri wasiogope: vazi la kuzamia hufunika kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu, na kichwa nacho kina kofia yake, na wako walimu wanawake mkiwaomba mapema.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, au aliyewahi kupasuliwa sikio, aende kwa daktari kwanza, na mama mjamzito asizamie kabisa. Utapewa fomu ya maswali ya afya. Jibu kweli. Anayeficha pumu kwa sababu amekwisha kulipa, anaificha kwa mtu pekee ambaye angeweza kumsaidia akiwa mita 10 chini. Na ukiamka na mafua siku ya safari, baki kisiwani na watoto. Pua ikiziba, masikio hayatafunguka, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

Kiongozi ndiye safari yenyewe. Muulize cheti chake ni cha ngazi gani na amezamia hapa Dar kwa muda gani, kwa kuwa aliyejifunza Nungwi hajui mkondo wa Mbudya. Muulize ataongoza watu wangapi. Mimi napenda wawili, na nikisikia zaidi ya wanne siendi. Muulize kama boti ina cheti cha ukaguzi wa vyombo vya majini kutoka TASAC, ina jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, redio, na mtungi wa oksijeni wa huduma ya kwanza. Muulize pia mtu akipata tatizo la shinikizo la maji atapelekwa wapi na kwa usafiri gani. Kiongozi mzuri hujibu swali hilo papo hapo bila kukasirika. Halafu ndipo muulize bei, na kama ndani yake mna vifaa, mafuta ya boti na ada ya hifadhi, ambayo inalipwa serikalini kwa namba ya malipo na mnapewa risiti.

Asubuhi ile, mtungi wako ukiwa umesimamishwa mbele yako, fanya jambo hili ambalo halichukui dakika mbili. Fungua valvu pole pole mpaka mwisho. Tazama kipimo: kisome karibu bari 200. Kisha weka kipumulio mdomoni, uvute pumzi tatu nne kubwa huku jicho liko kwenye sindano ya kipimo. Sindano ikitulia, vizuri. Ikishuka kila unapovuta na kurudi ukiacha, valvu haijafunguliwa sawasawa, na huko chini hewa itakukataa. Halafu nusa. Hewa nzuri haina harufu yoyote. Ukisikia harufu ya mafuta ya mashine au moshi, kompresa ina kasoro. Rudisha mtungi, omba mwingine, wala usione haya.

Sasa mmejirusha nyuma kutoka ukingoni mwa boti, mnaelea, mwalimu amekutazama machoni, amekuonyesha kidole gumba kinachoelekea chini. Jaketi lako la kuzamia linatoa hewa na unaanza kuteremka. Mita moja tu, masikio yanakaza. Bana pua, puliza taratibu, yanafunguka. Mita nyingine, fanya tena. Usisubiri maumivu. Yasipofunguka, panda kidogo, jaribu upya; hakuna anayekukimbiza. Jambo moja hapa linazidi yote mengine niliyoyasema jioni hii: usizuie pumzi, hata mara moja. Ukiwa mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na hewa iliyojaza mapafu yako hapo itataka nafasi mara mbili ukifika juu. Ukipanda umeibana, mapafu yanapasuka. Vuta, toa, vuta, toa, pole pole. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bari 200 una hewa kama lita 2,400. Anayepumua kwa utulivu katika mita 8 anakaa hata zaidi ya dakika 45, na mwenye papara anaimaliza mapema mno.

Ukishatulia, sikiliza. Wengi hudhani chini kuna kimya. Utasikia mlio wa kutafuna, kra, kra: ni pono wanaokwangua mwamba kwa meno, na kila wanachokwangua kinatoka upande wa pili kikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya ufuo unaoulalia pale Mbudya imepita tumboni mwa pono. Utaona vitatange wawili wawili, kangaja kundi zima likigeuka kwa pamoja, mkunga ametoa kichwa pangoni akifungua na kufunga mdomo, na huyo hatishii mtu, anapumua. Pweza yuko mbele yako na hutamwona mpaka aondoke. Nyekundu itakuwa imepotea, maji yameinywa. Mwombe mwalimu awashe tochi kwenye mwamba na utashangaa rangi inavyorudi. Ukibahatika, ng'amba au kasa atapita, hana haraka na wewe. Mikono kifuani, mapezi juu. Tumbawe ni mnyama hai mwenye ngozi laini kuliko utando wa yai, na kidole chako kinatosha kumuua. Simbi na makome yabaki yalipo; humo hifadhini hata ganda tupu haliruhusiwi kuchukuliwa, na kaa wengi wanalihitaji kuliko kabati lako.

Kurudi juu ni taratibu kuliko kushuka: mita 9 kwa dakika, msizidi, na kusimama dakika 3 katika mita 5. Baada ya hapo saa zinaanza kuhesabiwa. Naitroji iliyoingia mwilini inahitaji muda kutoka. Aliyezamia mara moja asipande ndege kwa saa 12, aliyezamia mara mbili saa 18. Kwa hiyo ndugu aliyekuja kutoka Mwanza kwa harusi, mwenye tiketi ya jioni ya siku hiyo hiyo, asizamie. Na si ndege peke yake: kupanda kwa gari kwenda Lushoto au Mbeya siku ile ile ni hatari ya namna hiyo hiyo.

Wapo watakaosema bei ya mtungi inawashinda, na ni kweli si ndogo. Wachange kidogo kidogo kwenye kikundi mpaka Novemba. Na wakati wanachanga, waende Bongoyo siku ya maji mafu na miwani na bomba la kupumulia tu, waelee juu ya mwamba nyuso zikitazama chini. Kule Chumbe, Zanzibar, mitungi hairuhusiwi kabisa. Wageni wanalipa fedha nyingi kuelea hivyo hivyo, na wanarudi wakisimulia mwaka mzima.

Basi ombi langu kwenu, viongozi wa vikundi vya Temeke, Kigamboni na Kinondoni. Juma hili andikisheni watu bwawani. Kisha chukueni kalenda yenye tarehe za Kiislamu, mtafute Jumamosi ya mwishoni mwa Oktoba au ya Novemba iliyo karibu na tarehe 9 au 23 ya mwezi, na hiyo ndiyo mumpelekee mwenye boti. Na akiwajibu kwa tarehe nyingine bila kuutaja mwezi wala upepo, mshukuruni, mkatafute kiongozi mwingine.